Tunakwenda Malta, Hatuumwi

Mume wangu alilitaja jina la Malta Jumamosi moja asubuhi, akiwa amechuchumaa kwenye bomba la uani anasugua viatu vyake vya kazi. Hakuinua hata kichwa. "Mwalimu," akasema, maana hivyo ndivyo anavyoniita akiwa na lake moyoni, "unaonaje mimi na wewe tukienda Malta?"

Nikadhani ni mtaa. Dodoma yetu hii, tangu serikali ihamie, kila ukigeuka kuna mtaa mpya umezuka, una jina, una baa na una dalali wa viwanja, na wewe hata hujaambiwa. Nikamwuliza ni upande gani, wa Ihumwa au wa Nala. Akacheka mpaka brashi ikamponyoka.

"Malta ya kwenye ramani! Kisiwa. Bahari ya Mediterania. Si wewe unayewafundisha watoto kila mwaka?"

Ni mimi, na aibu ilinishika. Nafundisha jiografia sekondari, na hali ya hewa ya Mediterania naijua kama njia ya kwenda sokoni: mvua wakati wa baridi, kiangazi kikavu, zabibu, zeituni, malimau. Nimeichora ubaoni mpaka chaki imenila vidole. Ila kwenda huko kwa miguu yangu miwili sikuwahi hata kuota, na mtu wa kuniotea angekuwa wa mwisho kabisa huyu mume wangu.

Maana huyu ni mtu wa visima. Kazi yake ni maji vijijini, leo yuko Bahi, kesho yuko milima ya Kondoa, na tangu nimfahamu safari zake zote zina sababu: pampu imekufa, kisima kimekauka, mtu anaoa, mtu amefariki. Safari ya hivihivi hana. Kwa hiyo swali langu la kwanza lilikuwa la halali kabisa.

"Kafa nani?"

"Hakuna aliyekufa. Siku nne tu, tunakwenda, tunarudi."

"Kutafuta nini?"

"Kutembea."

Nikamtazama vizuri. Mtu huyu alikuwa anastaafu mwezi wa tatu unaofuata. Tulishakubaliana na mama yake kwamba akistaafu tunahamia kwao Kondoa, kwenye nyumba tuliyoijenga uwanja mmoja na yake, nami nitaomba uhamisho. Nilitegemea anizungumzie mabati na uzio. Nikamwambia kama ni kutembea, twende Tanga, dada yangu ana chumba cha wageni hakina mtu. Akakunja pua. Nikamwambia basi Unguja, kwa binamu yake. Akakunja tena. Nikamwambia Mwanza basi, kwa mtoto wetu wa kwanza. Akasema, "Malta. Tutalala hotelini."

Hotelini! Watu wazima, wenye ndugu dunia nzima, wakalale hotelini kama wasiozaliwa na mtu. Nilifoka kidogo, kwa sababu mimi kufoka ndiko kupumua kwangu, lakini ndani kwa ndani moyo ulikuwa umeshapanda ndege umekaa dirishani.

Tukaanza kupanga. Ili ujue tulivyopanga lazima uijue nyumba yetu. Iko Kisasa, ina vyumba vinne, na sijawahi kuiona tupu. Wakati ule alikuwepo binti wa kaka yake mume wangu, anasoma chuo kikuu na anakaa kwetu. Walikuwepo pia vijana wawili wa ukoo waliokuja kwenye usaili wa kazi. Dodoma usaili hauishi, na kila kijana nchi hii anayeitwa kwenye usaili ana mjomba au shangazi Dodoma, na mjomba huyo kumi kwa moja ni mume wangu. Wanalala sebuleni, wanapiga pasi mashati yao, wanaomba dua, wanaondoka, wanakuja wengine. Hata siwalaumu. Na mimi nilipokuwa kijana nililala sebuleni kwa watu.

Basi jioni tunakaa mezani wote, yule binti na kompyuta yake katikati, tunaitazama Malta. Kila mtu ana maoni. Kijana mmoja wa usaili anataka tupande jahazi la kwenda kisiwa cha pili. Mwenzake anauliza kama kuna ugali. Binti anatuchagulia chumba kwenye mji wa kale uliojengwa kwa mawe ya rangi ya asali, chenye kibaraza cha mbao kilichopakwa kijani, kinaning'inia juu ya kichochoro. Mimi nikakipenda kile kibaraza mpaka nikasema nitakunywa chai pale hata kama inanyesha.

Mume wangu yeye alikuwa na swali lake moja. "Maji wanatoa wapi?"

Binti akatafuta, akamwambia kisiwa kizima hakina mto, maji mengi wanayachuja chumvi kutoka baharini.

"Hakina mto hata mmoja?"

"Hata mmoja, baba mdogo."

Weee! Mtu aliyeambiwa kashinda kiwanja hafurahi vile. Akasimama, akazunguka meza, akasema, "Hao ndio watu wangu." Kuanzia siku ile akawa anaisifia Malta kama kwao kwa mama yake.

Halafu binti akasoma kwamba mji ule ni ngazi tupu, unapanda na kushuka kutwa nzima. Mume wangu akalitazama tumbo lake, ambalo kwa kweli lilikuwa limeshaanza kumtangulia kuingia vyumbani. Kesho yake alfajiri, baada ya swala, akavaa raba akaenda kupanda vilima vya mawe nyuma ya mtaa wetu. Na kesho yake tena. Akaacha sukari, akaacha vitumbua. Haukupita muda suruali zikaanza kumvaa yeye badala ya yeye kuzivaa, na mkanda ukatobolewa tundu jipya kwa msumari.

Kumbe jirani zetu wana macho.

Mimi nami nikamwaga mafuta kwenye moto bila kujua. Mtumishi wa umma hatoki nje ya nchi bila kibali, hata kama anakwenda kwa nauli yake, kwa hiyo nikaenda kwa mkuu wangu wa shule. Ni mama mmoja mpole sana. Akaniuliza, "Safari ya nini, mwalimu?"

Sasa niseme nini? Huku kwetu kutembea ni kwenda nyumba ya pili kuomba kiberiti ukakaa mpaka magharibi. Mtu mzima hamwambii mkuu wake wa kazi kwamba anavuka bahari kwenda kukaa kwenye kibaraza. Nikasema, "Ni mambo ya kifamilia tu, mama."

Nikaona uso wake umebadilika. Akainuka, akazunguka meza yake, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Nimekuelewa," akasema. "Kaza moyo." Nikatoka pale najisemea, loh, mama huyu ana upendo.

Wiki hiyohiyo mume wangu akawa anazunguka mjini kutafuta bima ya matibabu, kwa sababu bila bima hiyo wale wa viza hawakupokei. Kila ofisi aliyoingia alikuta mtu anayemjua mtu. Hebu jumlisha mwenyewe: mwanaume amekonda ghafla, anaulizia bima ya matibabu ya nje, mke wake anaomba ruhusa kwa mambo ya kifamilia ambayo hayataji, na wanakwenda mbali kimyakimya. Dodoma mtu wa namna hiyo hahitaji kupimwa. Ni mgonjwa, na ni mgonjwa wa ile inayofichwa.

Mara ya kwanza kulistukia jambo hili ilikuwa shuleni. Vipindi vyangu vya mchana walimu wenzangu wakavigawana bila kuniambia. Nikienda kuchukua madaftari nakuta mtu kashanibebea. Mwalimu wa hesabu, ambaye tumenuniana kwa miaka kwa ajili ya chumba cha ramani, akaniletea soda ya baridi, akaiweka mezani, akaondoka na macho chini. Nikasema makubwa haya!

Kisha akaja jirani yetu wa ukuta mmoja. Ni mama wa Kigogo, nesi mstaafu, sauti yake inasikika mpaka barabara ya lami. Akaingia na kikapu cha zabibu za uani kwake na mfuko wa mlenda mkavu. "Mbukwenyi!" akatusalimu, akakaa karibu na mume wangu, karibu mno, akamtazama. Halafu, hivihivi, akanyoosha kidole akaivuta kope yake ya chini kuangalia kama ana damu.

"Usiku unalala vizuri, baba?"

Mume wangu, ambaye hajui kusema uongo hata wa kujiokoa, akajibu, "Naamka amka."

"Mmh," akasema jirani. Nikaisikia ile mmh. Ndiyo ile wanayoisema wodini wakishafunga faili.

Nikamwambia kwa ukali kidogo, "Dada, tunakwenda Malta, hatuumwi."

"Ndiyo, mdogo wangu," akanijibu, akanipapasa bega. "Ndiyo. Kuleni mlenda, unaongeza nguvu."

Kila tulivyokana ndivyo watu walivyozidi kutuonea huruma. Wakaleta kuku, wakaleta mayai, wakaleta juisi ya rozela kwenye madumu. Vijana wa usaili walinenepa. Sisi bado tunacheka. Usiku mume wangu anajilaza kitandani kwa madaha, anasema, "Mgonjwa anaomba maji," namrushia mto. Basi tukaona ni mchezo.

Ulikoma kuwa mchezo siku mama mkwe alipowasili.

Alikuja kwa basi la kwanza kutoka Kondoa, bila simu, bila taarifa, na chupa ya asali kwenye kapu. Mama yule ni mzee lakini anatembea wima. Nikampokea kapu, "Shikamoo mama," hakuitikia hata marahaba, akapita moja kwa moja mpaka kwa mwanawe, akamshika mashavu.

"Kwa nini ulinificha?"

"Mama, sijaficha kitu. Tunakwenda kutembea."

"Ulaya?"

"Ulaya, mama."

"Ulaya mtu anakwenda kutembea?" Machozi yakamtoka. "Mimi ni mama yako. Nimekuzaa mimi."

Alhamisi ikasomwa dua nyumbani kwetu. Sebule ilijaa, uani ulijaa, wali ukapikwa kwenye sufuria za kuazima. Mume wangu wakamweka katikati, kanzu ikimpwaya, wazee wakamsomea wakampulizia kichwani, na yeye anaitikia amina kwa heshima zote, jasho linamtiririka. Majirani Wakristo nao walikuja, wakakaa kimya kwenye mkeka, viatu wamevua. Mambo yote ya viza tulikuwa tumeshayamaliza mwezi uliotangulia, tulishuka Dar es Salaam kwa treni ya umeme tukachukuliwa alama za vidole tukarudi, na jibu lilifika siku ya pili baada ya kisomo kile: tumekubaliwa wote wawili. Mama mkwe akasema ni dua. Mpaka leo anasema ni dua.

Lakini nirudi jikoni, siku ileile ya kisomo. Nilikuwa nakatakata vitunguu na yule jirani nesi, na kicheko kimenibana mpaka mbavu zinauma, nikimwona mume wangu dirishani anapulizwa. Jirani hakucheka. Akaweka kisu chini.

"Mdogo wangu," akasema taratibu, na mimi sikuwahi kumsikia akisema taratibu, "wewe unaamini kweli anakwenda kutembea?"

"Sasa mimi si ndiye nimechagua chumba?"

"Nimefanya kazi wodini maisha yangu yote. Wanaume wana tabia. Wakijua wana jambo baya, hawasemi. Wanamchukua mke wanampeleka mahali pazuri. Wanamwachia kitu cha kukumbuka." Akachukua kisu, akaendelea na kitunguu. "Mungu apishe mbali. Ila mwulize."

Kicheko kilinikatika palepale. Maana kweli, jamani, kwa nini Malta? Kwa nini sasa, mtu ambaye hajawahi kusafiri bila sababu? Kwa nini kwa dada yangu hataki, kwa binamu yake hataki, kwa mtoto wake hataki? Kukonda nimekuona, nikajiambia ni vilima. Lakini kuamka usiku? Nilikuwa namsikia, anainuka, anakwenda kukaa ukumbini na simu yake gizani, anarudi ananyata. Nilikuwa sijamwuliza. Nilimtazama pale katikati ya watu, na kwa mara ya kwanza nikakiona kile walichokuwa wanakiona wao. Nikaogopa. Niliogopa vibaya sana, wala sioni haya kusema.

Siku zilizofuata nilikuwa mtu wa hovyo. Nilimpekua mifuko ya koti nikitafuta vidonge, nikakuta pipi za mnanaa. Akikohoa nastuka. Akisifia chakula nataka kulia. Watu wanaingia na kutoka, hakuna mahali pa kumwuliza: sebuleni kuna wageni, uani kuna mama yake, chumbani ukuta ni mwembamba na yule binti yuko upande wa pili. Nikajaribu jikoni, akaingia kijana kuomba pasi. Nikajaribu kwenye gari, mama mkwe akaomba lifti ya kwenda dukani. Damu ikanichemka. Nikasema hapana, kesho namfuata hukohuko vilimani.

Kesho yake alfajiri nikajifunga kitenge juu ya suruali, nikavaa raba za binti, tukaondoka naye. Alishangaa lakini hakuniuliza. Ule upepo wa Dodoma wa Septemba unaujua mwenyewe, unakupiga vumbi usoni kama unakudai. Yeye anapanda jiwe hadi jiwe kama mbuzi wa kwao Kondoa, mimi nyuma nahema, mkono kiunoni. Tulipofika juu, mji wote uko chini yetu, mabati yanaanza kung'aa, nikakaa juu ya jiwe nikamwambia, "Simama hapo. Usisogee. Unaumwa nini?"

"Mimi?"

"Wewe. Nimekaa na wewe tangu nikiwa na kiuno. Niambie sasa hivi, au nashuka namwambia mama yako kwamba hatuendi popote."

Akaanza kucheka, akaniona uso, akaacha. Akaja akakaa kando yangu. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Hata wewe? Siumwi, Mwalimu. Haki ya Mungu siumwi kitu. Nimepanda kilima hiki nikiwa naumwa?"

"Usiku unaamka kufanya nini?"

Hapo akaona haya. Mzee mzima, akaanza kuchezea kamba ya kiatu. "Kuna kamera," akasema. "Wameiweka bandarini kule Malta, inaonyesha muda wote. Naangalia watu wanapita. Wawili wawili."

Nikabaki nimemkodolea macho.

"Tangu tuoane," akasema, "tumewahi kuwa wawili lini? Nikumbushe. Wiki ileile ya ndoa alikuja mdogo wangu kukaa siku chache, akakaa mpaka kamaliza chuo. Wakaja watoto, ni sawa, ni wetu. Akaja dada yako na wanawe. Tukaja Dodoma, ukoo mzima nao ukahamia sebuleni. Sisemi vibaya, ndugu ni ndugu, hata kesho waje. Lakini mwezi wa tatu tunakwenda Kondoa. Pale uwanja mmoja ni nyumba sita. Nikakaa nikawaza: nitakufa siku moja, na huyu mwanamke sijawahi kukaa naye mezani bila mtu wa tatu kuuliza chumvi iko wapi."

Nikageuza uso kwenye upepo, nisingizie vumbi. Mimi!

"Nikachukua ramani yako," akaendelea, "nikatafuta mahali hatuna ndugu. Mikoa yote tunao. Nairobi tunao. Muscat kuna shangazi yako. Uingereza kuna watoto wa marehemu kaka. Nikaulizia na ukoo, kimyakimya. Malta hakuna. Malta hatumjui mtu hata mmoja."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nikuambie wapi? Na kwa nani mwanaume anasema kitu kama hicho?"

Nililia, nikampiga na raba, nikalia tena. Nikamwambia amenitoa roho, amenifanya nipekue makoti kama mwizi, na kwamba hata hilo la kuamka usiku ni upumbavu kwa sababu angeniamsha tukaangalia wote. Akasema sawa. Kisha tukakaa pale juu mpaka jua likawa kali, nimemwegemea, na nilikuwa na furaha mpaka nikaona haya mbele ya mawe.

Ikabaki kumwambia mama.

Tulimkuta anachambua mchele barazani. Mume wangu alikaa chini kwenye mkeka, akamweleza yote, wazi, kama alivyonieleza mimi, mpaka ile ya chumvi. Mimi nilisimama mlangoni nikisubiri radi. Kumwambia mzazi wako kwamba unataka kukaa na mkeo bila ndugu, tena mzazi anayekungoja umrudie kwenye uwanja wake, si jambo dogo. Linaweza kuvunja nyumba.

Mikono ya mama ilisimama juu ya ungo.

"Hakuna hospitali?"

"Hakuna, mama."

"Wenyewe wawili."

"Wenyewe wawili."

Akatoa kokoto moja, akaitupa. "Baba yako," akasema, "Mungu amrehemu. Siku moja alitoka kuuza alizeti, akaniambia, jiandae, twende Babati, mimi na wewe, tukale wali hotelini, tulale, turudi kesho. Nikamwambia una wazimu, na hawa watoto na huyu mama yako niwaache na nani? Akasema, haya, tutakwenda siku nyingine." Akazungusha ungo mara moja, polepole. "Alikuwa ameshavaa shati."

Mume wangu aliinamisha kichwa.

Mara mama akasimama, akajifunga khanga kiunoni, akaingia ndani, na ile sauti iliyotoka humo sikuwahi kuisikia kwake. "Nyie wote! Simu chini! Leo chakula cha mchana ni kwa jirani, nimeshasema, hakuna kuuliza!" Vijana wa usaili wakatoka na mashati wazi. Binti akatoka na kompyuta kwapani. Kijana mmoja akauliza kama na mjomba anakuja, akapigwa jicho. Kuku alishachinjwa mapema, akampika yeye mwenyewe, akanifukuza jikoni, akapakua, akaweka mezani, akafunika. Kisha akawatoa wote mbele yake kama anaswaga ng'ombe wa Bahi, na geti akalifunga kwa nje. Tukamsikia huko ng'ambo ya ukuta anamwambia jirani, "Haumwi. Nyamaza, haumwi. Nitakueleza."

Tukabaki wawili, kwenye meza ya watu wanane.

Nitasema ukweli, hatukujua pa kukaa. Yeye alikwenda kwenye kiti chake cha kila siku, mimi nikakaa pembeni kabisa karibu na mlango wa jikoni, pangu pa kuinukia. Akaniita nisogee. Nikasogea. Nikanawa mikono, nikaisikia saa ya ukutani, ambayo sikujua kwamba ina mlio. Nilikuwa na aibu, mimi mama wa watoto wakubwa, kama mwali.

Nikafunua bakuli. Juu kabisa mama alikuwa ameiweka firigisi, peke yake, makusudi. Firigisi nyumbani kwetu ni ya mgeni aliye mkubwa kuliko wote mezani, na kwa kuwa mgeni hakuwahi kukosekana, mume wangu hakuwahi kuipata. Miaka yote hiyo nilikuwa namwonea huruma akiitazama inavyokwenda kwa wengine. Nikaichukua kwa kijiko, nikaiweka kwenye sahani yake, na kwa kweli nilijisikia fahari.

Akaitazama. Akanitazama.

"Mwalimu," akasema, "mimi firigisi sipendi."

"Tangu lini?"

"Tangu mtoto. Wageni wakija nilikuwa namshukuru Mungu."

Nikacheka, machozi yakanitoka, sijui yapi yalikuwa ya kicheko na yapi si ya kicheko. Mtu nimempikia maisha mazima! Yeye akaichukua kwa vidole, akanyoosha mkono, akaiweka kwenye sahani yangu.

Sasa mimi firigisi sijawahi kuila. Kwetu Singida mama alitukataza sisi wasichana, alisema si ya mwanamke, na hata nilipopata jiko langu mwenyewe sikuwahi hata kuionja. Kwa mazoea nikageuka kutazama mlangoni.

"Nani anakuona?" akasema mume wangu. "Kula."

Nikaitia mdomoni. Ilikuwa ngumu kidogo, ina chumvi ya kutosha. Nikatafuna polepole, yeye ameegemeza kidevu mkononi ananitazama, na hakuna mtu aliyebisha hodi.